Mayai ya Kuku Wasiokuwepo

Ukitaka kumjua mwanamke mwenye ulimi mkali, mgonge akiwa amebeba trei ya mayai. Fundi wa cherehani ambaye mtaa mzima ulimwita Sindano alikuwa anapenya kwenye soko la Jumamosi, trei mikononi, mkoba kwapani, gauni la kijani alilojishonea mwenyewe limekaza kiunoni na kuachia magotini. Kwenye kona ya wauza nyanya, mwanamume mwenye gunia la unga begani akageuka bila kutazama. Trei ikainama. Mkono wa yule bwana ukawahi kuidaka kwa chini.

"Macho yako umeyaacha nyumbani?" Sindano alimfokea.

"Nilikuja nayo, dada. Yamepotea ulipotokea wewe."

"Hayo kawaambie nyanya."

Bwana yule hakununa. Alikuwa na unga hadi kwenye nyusi, na aproni yake ilishasahau kama iliwahi kuwa nyeupe. Alishusha gunia, akachukua yai moja kwa ncha za vidole, akaligeuza kwenye jua. Sindano hakuwahi kuona mtu akilitazama yai namna ile, akajikuta anatamani atazamwe yeye.

"Mayai mazuri haya. Umeyatoa wapi?"

Jibu lilikuwa hapo hapo, mwisho wa safu, kwa mama mayai mwenye kiti cha plastiki. Ilitosha kunyoosha kidole. Lakini angenyoosha kidole, bwana angekwenda huko, na yeye angebaki na trei yake. Basi ulimi ukamponyoka.

"Ya kuku wangu mwenyewe."

"Unafuga?"

"Nafuga."

"Wangapi?"

"Wa kutosha."

Sindano huyo, jamani, ambaye hajawahi kushika kuku aliye hai maishani mwake.

"Mimi ni muokaji, kwenye bekari ile karibu na posta. Wananiita Hamira."

"Kwa nini?"

"Nikisifiwa kidogo tu, naumuka."

Sindano alicheka, na hasira yake ikaishia hapo. Kabla hawajaachana, Hamira alikuwa na namba yake ya simu, na makubaliano kwamba kila Jumamosi atamletea trei moja mlango wa nyuma wa bekari.

Ndivyo uongo ulivyopata siku yake ya wiki. Kila Jumamosi Sindano alinunua mayai kwa mama mayai, akayapeleka nyumbani, akayafuta moja moja kwa kitambaa kibichi. Halafu akaogopa kwamba yamekuwa masafi mno, akayapaka mawili matatu tope kidogo. Siku moja aliokota nyoya sokoni akaligandisha kwenye yai kwa mate. Ndiyo, kwa mate. Mapenzi yana mambo.

Na mapenzi yalikuwepo, hilo tusimnyime. Hamira alipiga simu kila alipouacha unga uumuke.

"Mpenzi, unga umelala. Nimekuja kwako."

"Ukiamka utaniacha?"

"Nitaukanda haraka nirudi. Kuku hawajambo?"

"Hawajambo. Shangazi tu ndiye anatuchosha."

Shangazi alikuwa kuku wa kahawia, mwenye maringo na roho mbaya, ambaye Sindano alimtunga siku moja aliposhikwa na maswali.

"Leo kafanya nini?"

"Kaingia chumbani, kapanda juu ya cherehani, kanitazama utafikiri mimi ndiye mgeni."

Hamira alicheka mpaka masufuria yakasikika yakigongana nyuma yake. Sindano naye alicheka. Simu ilipokatika alibaki ameikumbatia. Hakuna mwanamume aliyewahi kumsikiliza hivyo, na alichokuwa anakisikiliza hakikuwepo. Siku Hamira atakapojua, atakwenda zake. Wazo hilo lilikuwa halimtoki, akila, akishona, akioga.

Kisha jioni moja: "Jumapili nakuja kumwamkia Shangazi."

"Jumapili hii haifai."

"Kwani kuku wana ratiba?"

"Wana mafua."

"Nitawaletea dawa."

"Wewe njoo Jumapili ile nyingine, mpenzi wangu. Nakuomba."

Kesho yake alimfuata mama mwenye nyumba, aliyekuwa uani anachambua maharage.

"Mama, naomba ruhusa ya kufuga kuku hapa nyuma."

Mama aliacha kuchambua. "Wewe? Juzi mende kakutoa bafuni na sabuni kichwani."

"Nimebadilika, mama."

"Umebadilika au umependa?"

Sindano aliinama akaokota kokoto kwenye maharage.

"Haya. Jogoo simtaki, na kinyesi unafagia mwenyewe."

Alirudi sokoni, akanunua majike watatu, mmoja wa kahawia, akawaleta ndani ya boksi lililokuwa linatingishika mapajani mwake njia nzima. Banda alilitengeneza kwa kabati bovu alilolilaza ubavu na kulitundikia wavu, mlango mmoja akauacha ufunguke. Kuku wa kwanza alimdonoa kidole. Wa pili aliruka hadi kwenye kamba ya nguo, akatua juu ya shuka za mama. Wa tatu alijificha nyuma ya tangi la maji akagoma kutoka, na Sindano, futi ya kupimia ikining'inia shingoni, alipiga magoti akimbembeleza kwa majina yote aliyokuwa anamwitia Hamira.

Jumapili ilipofika, Hamira alikuja na mkate wa moto kwenye kitambaa, shati limepigwa pasi mpaka mikunjo imesimama.

"Shangazi ni yupi?"

Sindano alimwonyesha yule wa kahawia. Hamira akachuchumaa kwa adabu zote. "Shikamoo, shangazi."

Kuku alimgeuzia mkia, akanya.

"Kweli mkorofi," Hamira alisema, uso umemjaa furaha. Sindano alicheka naye. Alijiambia jambo moja tu: wakianza kutaga, mayai atakayopeleka yatakuwa ya kuku wake, na uongo utakuwa umejifia wenyewe.

Hawakutaga. Kila asubuhi aliingiza mkono kwenye nyasi za kabati, akautoa mtupu.

"Kuku aliyehamishwa hatagi mpaka apazoee," mama mwenye nyumba alimwambia. Akamkazia macho. "Kwani yale unayompelekea yule kijana yanatoka wapi?"

Sindano alijifanya anafagia.

Wiki iliyofuata Hamira alipiga simu, sauti imeumuka kweli kweli. "Mpenzi, bosi kanipa keki ya harusi. Ya ghorofa. Ikitoka vizuri ananikabidhi meza ya keki, sibebi magunia tena. Bekari ina mayai yake, lakini hii nataka ya kwako."

"Ya kwangu ya nini? Tumia ya bekari."

"Sitaki. Nataka mkono wako uwemo."

Jumamosi hiyo kiti cha plastiki kilikuwa kitupu. Mama mayai alikuwa ameuguliwa. Sindano alizunguka soko zima roho juu, akaishia kwa mwanamke asiyemjua, ambaye mayai yake yalikuwa juani na ambaye aliapa ni ya jana. Aliyanunua. Angefanyaje? Aliyapeleka bekari, akamkabidhi Hamira, akarudi kwenye cherehani yake na wasiwasi usiokaa.

Mchana simu iliita.

"Sindano." Hakusema mpenzi. "Yai moja lilikuwa viza."

"Umelitupa?"

"Limeingia kwenye beseni. Siagi yote ya duka ilikuwa mle, na sukari, na mayai mengine. Harufu imetutoa wote nje. Mayai ya watu wengine navunja kwenye kikombe kwanza. Moja moja, nanusa, ndipo namimina. Ya kwako sijawahi. Ya kwako navunja moja kwa moja."

Sindano alishika ukingo wa meza.

"Lakini usijilaumu," Hamira aliendelea, kwa upole uliomuumiza zaidi. "Najua ni Shangazi. Atakuwa alitaga kichakani, ukaliokota hujui ni la lini. Nimemwambia bosi hivyo hivyo. Si ndiyo?"

Mlango wa kutokea ulikuwa huo, na aliyeufungua ni Hamira mwenyewe.

"Labda," Sindano alisema.

Neno hilo lilimkwama kama mwiba wa samaki. Alijaribu kushona, akagundua ameupachika mkono wa kushoto upande wa kulia. Alifumua, akakosea tena. Mwisho alizima pasi, akafunga mlango, akaenda bekari kwa miguu, karibu anakimbia.

Hamira alikuwa mlango wa nyuma, anasugua beseni kubwa. Wenye harusi walishachukua pesa yao na kwenda kwingine.

"Sikuwa na kuku," Sindano alisema kabla hata ya salamu. "Siku ile sokoni sikuwa na hata mmoja. Hawa watatu nimewanunua kwa sababu ulisema unakuja. Hawajawahi kutaga."

Hamira aliacha kusugua. "Na mayai?"

"Ya sokoni. Yote."

"Na Shangazi?"

"Nilimtunga."

Hamira alifuta mikono kwenye aproni, kidole kwa kidole. "Nimesimama mbele ya bosi," alisema polepole, "namtetea kuku ambaye hayupo."

"Hamira, naomba..."

"Nenda nyumbani, Sindano."

Hamira hakupiga tena simu. Iliita kwa wateja waliotaka kupunguziwa nguo na kwa watu waliokosea namba, na kila mara moyo wake uliruka bure. Yeye mwenyewe aliandika namba ya Hamira na kuifuta, akaiandika na kuifuta. Alikonda. Alichoma kola ya mteja kwa pasi na hakugombana na mteja, na hapo ndipo mama mwenye nyumba alipoona mambo yameharibika.

"Si uwauze hao kuku? Kazi yao imekwisha."

"Hapana, mama."

"Unawafugia nini sasa?"

"Hawa ni wa kweli," Sindano alijibu. "Waache wakae."

Kwa hiyo alifagia, akabadilisha maji, akajua nani anapenda mchicha na nani anamwonea mwenzake. Vidole vyake vilizoea kudonolewa. Ikafika siku akamwokota kuku na kumtia kwapani bila hata kufikiri, kama mtu aliyezaliwa nao.

Alikuwa amechuchumaa hivyo jioni moja, nyuzi zimeganda kwenye gauni la kazi, kuku kwapani, geti liliposukumwa. Hamira aliingia na aproni yake. Hakuleta mkate.

Alisimama mbali kidogo. "Wanataga?"

Sindano alikuwa na mayai jikoni, yamenunuliwa jana. Ingekuwa rahisi mno.

"Hapana. Hata moja."

"Huyo ndiye Shangazi?"

"Huyu hana jina. Anachechemea, namtazama mguu."

Hamira alisogea, akachuchumaa upande wa pili wa kuku. Mikono yake ilikuwa na malengelenge mapya.

"Nimebaki kwenye magunia," alisema.

"Ni kwa sababu yangu."

"Ni kwa sababu yako." Hakulilainisha. "Nimekuja kuuliza kitu kimoja. Yale tuliyokuwa tunaambiana kwenye simu. Nayo uliyanunua sokoni?"

Mzaha ulimfika Sindano ulimini, akaumeza. "Hapana. Yale ndiyo yalikuwa yangu. Niliogopa, bila kuku, utakosa sababu ya kunipigia."

Hamira aliupapasa mguu wa kuku kwa muda mrefu. "Bekari inaletewa mayai kwa gari kila asubuhi," alisema hatimaye. "Nilikuwa na mayai mpaka ya kumwaga. Trei zako nilizilipia mfukoni mwangu, ili nikuone Jumamosi."

Sindano alimtazama. "Kumbe na wewe."

"Na mimi. Ila sikuharibu keki ya mtu."

"Umenisamehe?"

"Bado. Nikikumbuka, inauma."

"Utakuja tena?"

"Sijui, Sindano." Akainuka, akafuta magoti, akatoka. Geti likajifunga.

Sindano alimshusha kuku chini, akaingia ndani na kusimama katikati ya chumba. Aliogopa kwamba ile ndiyo ilikuwa kwaheri, na kwamba Hamira alikuwa muungwana tu, kaja kuisema uso kwa uso. Ndipo simu ikaita mezani, jina lake likiwaka. Aliipokea kwa mikono miwili.

"Nimefika barabarani," Hamira alisema. "Giza linaingia. Umewafungia kuku?"

"Nimesha..." Ulimi ulianza wenyewe, kama ulivyozoea. Sindano akausimamisha. Dirishani aliona mlango wa kabati uko wazi, na yule mchechemeaji bado anatembea uani.

"Sijawafungia," alisema. "Nilitaka kukuambia nimeshawafungia, sijui kwa nini. Bado. Ndiyo natoka sasa."

Alielekea mlangoni, simu sikioni. Kisha akamsikia Hamira akivuta pumzi na kucheka, kicheko kidogo cha mtu aliyechoka.

"Nenda kawafungie, mpenzi," alisema. "Sikati."