Kiti cha Kushoto

Sponji mpya haibonyei yenyewe. Chamsudine alilijua hilo, maana alijifunza ufundi wa magari Mtwara, akauendeleza Beira, akafukuzwa nao Durban, na kurudi Palma na vitu viwili tu: sanduku la spana na kitambi. Lakini Ijumaa ile, alipotoka msikitini na kufunua turubai, alikuta kiti cha kushoto cha gari lake kimebonyea katikati, kana kwamba mtu ameinuka sasa hivi.

Alijipima kwa macho. Kwa makalio yake shimo lingekuwa pana kama sinia. Hili lilikuwa jembamba.

"Mama Nadia, ulikaa kwenye gari?"

"Nikae wapi na gundi haijakauka?" Wahida, mkewe, alijibu kutoka barazani bila kuacha kukanyaga cherehani. Viti vile yeye ndiye aliyevishonea mavazi.

Gari lilikuwa Morisi ya Kiingereza ya mwaka 1954, ya kukunja paa, aliyoikuta kwenye ghala la shamba la minazi ikiwa kitanda cha kuku. Miezi minane aliikwangua kutu, akaikatia paa jipya, akaibembeleza injini kama anayebembeleza mkwe. Gesi ilikuwa imepatikana baharini na mji umejaa wageni wenye kofia ngumu. Kila mtu Palma alikuwa na ndoto. Ya Chamsudine ilikuwa na magurudumu manne. Angewatembeza wageni ufukweni, paa wazi, upepo usoni.

Alasiri gundi ilikauka. Wahida akaja kujaribu kazi yake na, kama mtu aliyelelewa, akauliza kwanza: "Hapa pana mtu?"

"Ocupado, senhora!" Chamsudine alitania, kwa sauti ya makondakta wa Beira. "Pamekaliwa!"

Wahida akacheka, akavuta mlango. Ukagoma. Akauachia, nao ukafunguka taratibu kutokea ndani, ikatoka harufu ya asmini mbichi na ngozi iliyoloa.

"Baba Nadia," alinong'ona, "nani kafungua?"

Chamsudine aliufunga mlango kwa goti, akarudisha turubai juu ya gari.

Asubuhi alizitoa karatasi za gari. Kabla yake waliandikwa watu watatu: mkuu wa wilaya, mnunuzi wa pamba, mwenye shamba la minazi. Kila mmoja aliponunua aliandikwa *casado*, mwenye mke. Kila mmoja alipouza, mwaka haujaisha, aliandikwa *viúvo*, mgane. Mstari wa mwisho wino ulikuwa mbichi bado: Chamsudine, *casado*.

Alizisoma mara tatu, akitafuta pa kuchekea. Hakupaona.

Bibi Cadija, mganga, aliletwa kutoka Nhica. Alilizunguka gari mara moja, akakaa mbali nalo.

"Ni mwanamke," alisema kwa sauti ya chini. "Hana ugomvi nanyi. Anataka kiti tu."

"Kiti tu, Bibi? Nyumbani ninavyo vitatu, kimoja kina miguu mitatu. Achague!"

"Acha mzaha, mjukuu wangu. Mke wako asikikalie. Nawe usikiondoe. Usimnyime kiti."

Chamsudine alisikia nusu ya kwanza. Ile ya pili aliiona urembo wa waganga. Mke alikuwa naye mmoja, ameishi naye miaka ishirini na sita, amemngoja Palma yeye akihangaika miji yote mitatu. Hakuwa tayari kumwacha alale nyumba moja na kile kiti. Saa sita mchana, jua la utosi, akafungua nati nne, akakibeba kiti mgongoni hadi ufukweni, akakimwagia petroli, akakiwasha.

Kiliungua bila kutoa harufu ya mpira. Kilinuka asmini, na moshi wake, badala ya kwenda na upepo kuelekea baharini, uliinama, ukageuka, ukapita juu ya mitumbwi iliyopinduliwa mchangani, ukapita ukuta wa msikiti, ukashika njia ileile aliyoijia yeye na kiti mgongoni, mwembamba, bila haraka, kama mtu anayekwenda mahali anapopajua. Na hapo ndipo Chamsudine alipolikumbuka neno ambalo pwani yote inalijua, hata mtoto asiyejua kufunga kikoi: kwamba mtu aliyepandwa na jini hawamwiti mgonjwa, wanamwita kiti.

Alikimbia na kitambi chake, kiatu kimoja kikabaki mchangani.

Cherehani ilikuwa kimya. Wahida alikaa mkekani, amempa mgongo, wima mno, mikono mapajani kama abiria. Baraza lilinuka ngozi iliyoloa.

"Mama Nadia." Hakuitika. Akajaribu silaha pekee aliyopata kuwa nayo maishani: "Hapa pana mtu?"

"Ocupado."

Sauti ilikuwa nyembamba, ya mtu mwingine. Alingoja acheke. Alingoja sana, ukingoni mwa baraza, mguu mmoja peku, akimwomba Mungu huo uwe mzaha wake mwenyewe uliomrudia.

Wahida hakucheka. Alijisogeza kushoto, akaulainisha mkeka upande wa kulia, upande wa dereva, akaupigapiga kwa kiganja ili mumewe akae.