Joho la Yarukh

Jua lilipokuwa linazama nyuma ya kuta za Samarkandi, Anoshak alishuka mtoni kubandua karatasi zilizokauka ukutani kabla umande haujazilowesha. Ndiyo kazi yake ya kila jioni katika kinu cha karatasi.

Akasikia harufu ya moshi.

Nyuma ya kinu alimkuta Mzee Fan amechuchumaa, anachoma karatasi safi aliyoikata umbo la nguo. Fan alikuwa Mchina, mateka wa vita, na ndiye aliyewafundisha wenyeji kutwanga matambara hadi yakawa karatasi.

"We mzee, umerukwa na akili?" Anoshak alimkemea. "Moto ni mtakatifu, wewe unautupia takataka?"

"Si takataka. Joho," Fan alijibu kwa Kisogdi, lugha ya mji ule, tena cha kuvunjikavunjika. "Joho la mama. Huko aliko, baridi."

"Si alishakufa?"

"Ndiyo. Ndiyo maana nachoma."

Anoshak aliangua kicheko. Lakini usiku ule hakupata usingizi.

Mumewe, Yarukh, alikuwa ameondoka na msafara wa hariri kwenda Uchina. Mwaka wa nne sasa. Hakuna barua, hakuna salamu. Zhemat, muuza ngozi, alitaka kumwoa, naye Anoshak alikuwa amechoka kulala peke yake. Wazee wa mtaa walikataa katakata: mume hajulikani kama yu hai au amekufa, basi mke ni wake.

Kesho yake alimwendea Fan. "Na mtu asiyejulikana aliko, anachomewa?"

Uso wa mzee ulibadilika. "Jina la aliye hai halichomwi, binti."

"Likichomwa?"

Fan alitafuta neno. Akafungua viganja, akavifunga, kisha akasema kitu kirefu kwa lugha ya kwao. Anoshak akaitikia kwa kichwa kana kwamba ameelewa.

Hakuwa ameelewa hata chembe.

Alijiambia: kama amekufa, atapata joho. Kama yu hai, karatasi ni karatasi tu. Lakini ndani kabisa ya moyo wake alijua anachokitaka. Alitaka yaishe.

Jioni ileile alikata joho la karatasi kwa mkasi wa kinu. Akalichora mabata ya bluu, yale aliyoyapenda Yarukh. Akaandika jina. Akawasha moto kando ya mto.

Upepo ulikuwa unavuma kuelekea magharibi. Majivu hayakuufuata. Yalitambaa chini, taratibu, kama yanayopapasa njia... kuelekea mashariki.

Siku kumi na mbili zilipita.

Siku ya kumi na tatu, giza likiingia, mlango uligongwa. Mara moja tu.

"Nani?"

"Mimi."

Sauti ilikuwa ya Yarukh.

Anoshak alifungua. Mumewe alikuwa amesimama kizingitini, mwembamba, mweupe mno usoni. Alinuka chokaa, kama karatasi mbichi. Alipoingia, alichakarisha. Kila hatua... chaka. Chaka.

"Karibu, baba," Anoshak alinong'ona. "Umefika na msafara?"

"Wao wako nyuma. Mimi uliniita."

Alimwekea mkate. Hakuugusa. Alimletea maji ya kunawa, mwanamume akarudi nyuma hadi ukutani.

"Usiyasogeze, mke wangu. Tafadhali."

Taa ikammulika. Joho lake lilikuwa na mabata ya bluu.

Anoshak alirudi nyuma. Yarukh hakuonekana mwenye hasira. Alikuwa anamtazama kwa upole, kama mtu anayeona haya kuomba.

"Ni zuri," alisema. "Linanitia joto. Ila mkono wa kushoto hauna pa kutokea."

Ni kweli. Karatasi haikutosha. Anoshak alikuwa amekata mkono mmoja tu.

Alitoka mbio bila viatu hadi kinuni. Fan alimsikiliza, kisha akauliza kwa haraka.

"Amekula?"

"Hajala."

"Amekugusa?"

"Hapana! Mzee Fan, nifanyeje? Nyinyi kwenu mnafanyaje?"

"Kwetu? Kwetu hakuna anayethubutu. Sijafundishwa."

Hata hivyo alichukua karatasi na mkasi. Walikwenda pamoja. Fan hakukubali kuvuka kizingiti. Palepale nje alikata mkono wa joho, wa kushoto, Anoshak akachora bata mmoja. Wakauchoma.

Ndani mlisikika mchakacho mrefu, kama mtu anayejinyoosha. Kisha pumzi. Mtu aliyepata nafuu.

Kisha kimya.

Walipochungulia, mkeka ulikuwa mtupu. Mkate ulikuwa mzima, haujamegwa.

Msafara uliingia mjini siku nane baadaye. Vandak, kiongozi wao, alikuja mlangoni amevua kofia.

"Pole, shemeji. Yarukh alikuwa anarudi kwako. Asubuhi alikuwa mzima, anatutania. Jioni akasema anasikia baridi. Tukamfunika kwa kila tulichokuwa nacho, ikawa bure. Alikata roho kwenye kisima kimoja njiani, mikononi mwangu."

Anoshak alijishikilia mwimo wa mlango.

"Niliihesabu siku," Vandak aliendelea, "ili kila mwaka upate kumwekea chakula chake. Ilikuwa siku ya..."

"Usiitaje!"

"Lakini shemeji, utamkumbuka vipi mu—"

"Nakuomba, Vandak. Kwa jina la mama yako. Usiitaje."

Aliziba masikio kwa viganja vyote viwili hadi mwanamume yule akaondoka, anatikisa kichwa. Kama Yarukh alikufa kabla ya moto ule, basi yeye alimvisha maiti mwenye baridi. Kama alikufa baada yake...

Anoshak alimkataa Zhemat. Wazee sasa waliridhia, yeye hakutaka tena. Na Vandak alipopita mtaani, Anoshak aliingia ndani na kufunga mlango, mwanamume yule asije akateleza ulimi na kuitaja siku ile.

Wajane wengine wa Samarkandi huwawekea marehemu wao chakula siku moja kwa mwaka. Anoshak hakujua siku ya wake. Akaweka kila jioni, mpaka uzee ukamkuta, mkate na kitoweo, bila maji.