Kifaa Kisichopata Joto

Hewa iliyotoka nyuma ya kompyuta ilikuwa baridi.

Bi Nukta aliweka kiganja pale penye feni, akakiondoa, akakirudisha tena. Kompyuta yoyote inayofanya kazi hupumua joto. Hata paka wa jirani alilijua hilo, ndiyo maana alikuwa akija kujikunja nyuma ya mashine hii kabla haijaharibika. Leo paka alifika mlangoni, akainua pua, akageuka alikotoka. Lakini kioo kilikuwa kimewaka na kutulia, na kitabu cha wakunga, kurasa mia nne, kilikuwa kikimsubiri. Akafuta kiganja kwenye gauni, akaketi.

Jina la Bi Nukta alipewa na wapiga chapa, kwa sababu nukta ikikosekana mwisho wa sentensi, yeye aliiona kama wengine waonavyo nzi kwenye maziwa. Kazi yake ilikuwa kupanga kurasa za vitabu. Aliifanyia nyumbani, chumba cha mbele, ili awe karibu na baba yake, dereva wa treni mstaafu ambaye miguu ilikuwa imemkataa. Mzee alishinda kitandani katika chumba cha pili, ukuta mmoja tu kati yao.

Wiki hiyo umeme ulikuwa ukipanda na kushuka kama homa. Jumanne, pawa saplai ya kompyuta, yaani kile kisanduku cha ndani kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa, ililia kama karanga inayopasuka kwenye kikaango, ikatoa moshi, ikafa. Kitabu kilitakiwa kiwandani Jumatatu asubuhi. Akichelewa, kazi itapewa mtu mwingine, na kazi ikienda huwa hairudi.

Akaenda kwa fundi wake, bwana mnene mwenye miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani. Fundi akamwekea kisanduku kimoja mezani.

"Dada, usisome hiyo karatasi iliyobandikwa. Karatasi haikatai uongo. Hapo wameandika wati mia sita. Hebu kibebe."

Akakibeba. Kilikuwa chepesi kama kiberiti kitupu.

"Umeona? Hicho ni sura tu. Umeme ukiruka mara moja, kinaondoka na kompyuta nzima. Saplai ya kuaminika ina uzito, nyaya zake nene, halafu haipotezi umeme kwa kuugeuza joto. Ikichemka kama chungu, ujue umeme wako unaishia hewani."

"Basi nipe hiyo ya kuaminika."

"Nzuri zinafika wiki ijayo."

"Wiki ijayo nitakuwa nimeshazikwa, fundi." Macho yake yakaangukia rafu ya chini, kwenye kitu cheusi kilichofunikwa kitambaa. "Na kile?"

Fundi alisita. "Kile nilikitoa kwenye kompyuta ya ofisi moja iliyofungwa. Nimekipima. Tangu nianze ufundi sijaona umeme ulionyooka namna ile. Lakini hakina karatasi, hakina jina la aliyekitengeneza, na mimi siwezi kukuuzia mbuzi kwenye gunia."

"Niazime mpaka Jumatatu."

"Dada..."

"Nataka kitu kisichozima na kisichopoteza. Basi."

Aliyasema hayo akiwa ameshakipakata. Kilikuwa kizito kama mtoto aliyelala.

Fundi akakifunga ndani ya kompyuta, na siku ya kwanza Bi Nukta alifurahi. Mashine haikunguruma, na mita ya umeme ukutani haikusogea hata tarakimu moja tangu asubuhi. Alhamisi mchana umeme ukakatika mtaa mzima. Redio ya jirani ikanyamaza katikati ya neno, feni ya dari ikazunguka polepole, ikasimama. Bi Nukta alirukia kuhifadhi kazi yake, kisha mikono ikamganda juu ya vibonye. Kioo mbele yake kilikuwa bado kinawaka. Alijiambia pengine mle ndani mna betri. Alijua hamna. Akaendelea kufanya kazi saa mbili nzima, na chumba kikaanza kunuka nywele zilizoungua.

"Mwanangu," baba aliita, "nifungie dirisha."

Dirisha lilikuwa limefungwa. Nje jua lilikuwa likiyeyusha lami. Alipomshika baba mkono, aliuachia bila kukusudia, kwa jinsi ulivyokuwa wa baridi.

Alizima kompyuta ili ampikie uji. Mzee alipomaliza kikombe, vidole vyake vilikuwa vimepata uhai na alikuwa akitania kwamba uji ule ungeweza kuendesha treni. Bi Nukta akarudi kazini, akawasha. Haikupita muda, akasikia kupitia ukutani meno ya baba yake yakigongana.

Ijumaa alijua. Hakuna aliyemwambia, lakini alijua, kwa sababu alizima mara tatu na kuwasha mara tatu, na mara zote tatu mwili wa baba ulijibu. Akaangalia kurasa zilizobaki: tisini. Akamwongezea baba blanketi la tatu, akambusu paji la uso, akarudi kwenye kiti.

Jumamosi, mchana kweupe, alikuwa jikoni akichota maji aliposikia kandambili zikiburuzika ukumbini, mwendo ule ule wake yeye mwenyewe, mguu wa kulia ukivutwa kidogo kuliko wa kushoto, zikaingia chumbani kwa baba, na sauti ya chini ikasema neno, na baba akajibu, naye akaacha maji yakimwagika, akakimbia, akafika mlangoni, akamkuta mzee peke yake, amelala chali, midomo imekuwa ya bluu, akitabasamu kama mtu aliyetoka kuagana na mgeni, na alipogeuka kwenda chumba cha mbele kutafuta simu aliona kurasa zikipita zenyewe kwenye kioo, moja baada ya nyingine, taratibu, kwa kasi ile ile anayosomea yeye, na alipoegemea kiti chake ili asianguke, kilikuwa na joto, joto bichi la mtu aliyeinuka sasa hivi.

Fundi alifika kabla ya alasiri, pamoja na mama yake mdogo, mwanamke mfupi mwenye maneno machache, mganga ambaye watu walimfuata kwa mambo yasiyotibika hospitali.

"Nilikuonya, dada," fundi alinong'ona.

"Nyamaza," mama mdogo alisema. "Chomoa waya ukutani."

Fundi akachomoa. Feni ya kisanduku ikaendelea kuzunguka. Wote watatu waliutazama waya uliolala sakafuni kama nyoka aliyekufa, na kioo kikaendelea kuwaka.

Mganga akapiga magoti. Akanyunyiza chumvi kukizunguka kile kifaa, akainamisha mdomo penye feni, akasema nacho kwa sauti ya mtu anayembembeleza mkaidi. Alisema kwa muda mrefu. Harufu ya nywele ikazidi hadi machozi yakawatoka. Kisha kitu kikapiga kelele mle ndani, nyembamba, kama birika lililo mbali, na kioo kikafa.

Fundi alifungua skrubu, akakitoa kisanduku, na mkono wake ukapaa juu kwa jinsi kilivyokuwa chepesi. Alikivunja. Hakukuwa na shaba wala waya. Kulikuwa na vumbi tu, na baridi.

"Kwenye kifaa ametoka," mganga alisema. "Nyumbani bado. Jini wa namna hii hanyang'anyi. Huomba, akapewa. Humu ndani kuna aliyempa, na hatoki mpaka huyo amnyime kwa kinywa chake mwenyewe."

"Ni mimi," Bi Nukta alisema. "Nilijua tangu jana. Nilimwona baba anavyopoa, nikasema zimebaki kurasa chache tu." Akasimama katikati ya chumba, akapaza sauti: "Sikupi! Sikupi tena! Sikupi!"

Wakasubiri. Pumzi zao zilikuwa zikitoka kama moshi.

"Si wewe," mganga alisema taratibu.

Kutoka chumba cha pili mzee aliita. Bi Nukta akaenda, akaketi kitandani, akaushika ule mkono wa barafu kwa mikono yake yote miwili.

"Baba, nisamehe. Nilijua."

"Na mimi nilijua kwamba unajua. Ukuta huu mwembamba." Mzee alivuta pumzi kwa taabu. "Kila mchana ulikuja ukasimama hapo mlangoni. Ukasema, 'Baba, nichukue kidogo?' Nikasema chukua, mwanangu. Mimi joto la nini tena? Wewe una kazi."

"Baba, mimi sijawahi kuja kukuomba."

Mzee alimtazama muda mrefu. Macho yake yakahama, pole pole, yakapita juu ya bega la binti yake hadi mlangoni. Ukumbini kandambili zilikuwa zikiburuzika. Zikasimama.

"Baba," sauti ya Bi Nukta ikasema kutoka kizingitini, ya upole, ya mtoto mwema. "Nichukue kidogo?"

Bi Nukta alikuwa amefumba mdomo. Hakuthubutu kugeuka. Alihisi vidole vya baba vikijikaza kwenye vyake, kwa nguvu ambazo hakujua kama mzee bado alikuwa nazo.

"Hapana," mzee alisema. "Mwanangu huyu hapa. Nimemshika mkono."

Kisha pazia la mlangoni likavutwa nje kwa upepo usiokuwepo, mlango wa mbele ukafunguka na kujifunga, na joto la mchana likaingia chumbani lote kwa pamoja, zito, lenye vumbi na kelele za barabarani.

Mzee alifumba macho. Jasho jembamba lilikuwa limeanza kumtoka juu ya mdomo.

"Zimebaki kurasa ngapi?" aliuliza.

"Kumi na moja."

"Zibaki," mzee alisema. "Nitolee haya mablanketi."