Kasuku wa Getini na Swali la Nane

Treni ya asubuhi ilipopita, vikombe vilitetemeka kabatini. Ndivyo familia ile ilivyojua saa. Vikombe vikigongana kidogo, ni treni ya abiria. Vikigongana sana, ni treni ya mizigo, na lazima mtu ashike sufuria ya chai isije ikamwagika.

Nyumba ilikuwa na watu watatu. Mume alikuwa seremala. Mama yake mzazi alikaa nao, na kazi yake kubwa ilikuwa kuchambua maharage dirishani na kujua habari za kila mpita njia. Mke alikuwa mlinzi wa geti la reli. Pale barabara ilipokatiza reli, yeye ndiye aliyefunga mageti mawili treni ikija, na kuyafungua ikishapita. Alikuwa ameifanya kazi hiyo miaka minane.

Mtaani walimwita Kasuku, kwa sababu alisema na mageti. Kila treni ilipokaribia, alinyoosha kidole na kusema kwa sauti: "Geti la kushoto limefungwa. Geti la kulia limefungwa. Barabarani hakuna mtu." Kisha akainua bendera ya kijani. Wenye baiskeli waliokuwa wakisubiri walicheka. Wengine walimjibu, "Ahsante, Kasuku." Yeye alitabasamu, lakini moyoni aliona haya.

Alikuwa na jambo jingine, ambalo alimwambia mumewe tu. Alitaka kuendesha treni. Treni ikishapita, alipenda kutazama behewa la mwisho likipungua, likipungua, mpaka likawa kama punje ya mchele. Kule mbali reli mbili zilionekana kukutana. Alijua hazikutani. Hata hivyo akili yake ilizifuata polepole, ikapita mashamba asiyoyajua, ikavuka mito, ikafika stesheni ambako watu wamesimama na mizigo yao wakimsubiri yeye.

"Leo umefika wapi?" mumewe alizoea kumwuliza wakiwa mezani.

"Nimevuka daraja refu."

"Ukirudi, nipitishie chumvi."

Siku moja tangazo lilibandikwa ukutani pale stesheni. Shirika la reli lilitafuta watu wa kujifunza udereva wa treni, wanaume na wanawake. Umri usizidi miaka thelathini na mitano. Yeye alikuwa na thelathini na mitano kamili. Mwakani nafasi hii isingekuwa yake tena. Fomu zilitakiwa kurudishwa Ijumaa.

Alichukua fomu, akaibeba kifuani njia nzima kama mtu aliyebeba mayai.

Ukurasa wa kwanza ulikuwa rahisi: umri, elimu, kazi anayofanya. Ukurasa wa tatu ukamchanganya. Alisoma swali la saba kwa sauti. "Eleza tukio moja ambapo ulizingatia utaratibu licha ya kushinikizwa kufanya vinginevyo."

"Hicho ni Kiswahili?" mama mkwe aliuliza kutoka dirishani.

Swali la nane lilisema: "Umewahi kufanya kosa kazini lililohatarisha usalama? Ulichukua hatua gani?" La tisa lilisema: "Unadumisha vipi umakini katika kazi ya kujirudia, ukiwa peke yako?"

"Tulia, mke wangu, haya ni madogo," alisema seremala. Alitoa penseli yake bapa sikioni. "Tuanze na penseli. Ubao ukishakatwa haurefuki." Kwenye swali la saba akaandika: Mimi ni mchapakazi hodari, mwaminifu na mwenye bidii. Kwenye la nane: Hapana, sijawahi kukosea. Kwenye la tisa akaandika tena: Mimi ni mchapakazi hodari. Akarudi nyuma hatua moja na kuitazama fomu, kama anavyotazama kabati jipya.

Mama mkwe alinyoosha mkono, akaisoma fomu ameisogeza mbali na macho.

"Sijawahi kukosea," alisoma. "Hata mimi sisemi hivyo, na mimi ni mama mkwe." Akamtazama mkwewe. "Mwanangu, nenda kwa Mzee Breki. Huyu mumeo anajua mbao."

Mzee Breki alikuwa jirani. Aliendesha treni miaka thelathini kabla ya kustaafu. Mpaka leo, kabla ya kupita mlango wowote alisimama, akatazama kushoto, akatazama kulia, ndipo akapita. Jina lake lilitoka hapo. Mchana ule wa Jumatano alikuwa kibarazani, anakunja mashati yaliyokauka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nasikia fomu zimetoka."

Kasuku akampa fomu. Mzee alivaa miwani, akasoma bila haraka. Kisha akacheka kwa pumzi.

"Haya kaandika seremala. Yamepigwa msasa, yanang'aa. Lakini hayajibu kilichoulizwa." Akampa fomu. "Swali refu likate vipande, kama unavyokata muwa. Hutafuni muwa mzima. La saba linataka nini?"

"Sijui, mzee. Hilo neno kushinikizwa."

"Ni kusukumwa. Watu wanakusukuma kwa maneno ufanye jambo, na utaratibu unakataa. Wewe ukafuata utaratibu. Basi. Nani anakusukuma pale getini?"

"Hakuna."

"Hakuna? Juzi honi nilizisikia nikiwa hapa hapa."

Kasuku akacheka. Akamweleza habari ya bwana mmoja wa gari jeupe. Bwana yule alishuka, akasema treni bado iko mbali, afunguliwe apite yeye peke yake, ana kikao. Akatoa kadi yake. Akatisha, kisha akabembeleza. Kasuku alimwambia, "Samahani, bosi. Geti hili halijui vyeo." Treni ikapita, akamfungulia.

"Andika hilo," alisema Mzee Breki.

"Dogo hilo, mzee. Tena ni kujisifu. Si tunaambiwa kizuri chajiuza?"

"Chajiuza sokoni, kikiwa mezani na watu wanakiona. Hawa hawakuoni, wanaona karatasi. Huhitaji kujisifu. Sema kulitokea nini, ulifanya nini, mwisho ukawaje. Mambo matatu. Haya, la nane."

Treni ya abiria ilipita nyuma ya nyumba, na mashati yaliyobaki kwenye kamba yakapunga. Kasuku alitamani akili yake iondoke na treni ile, lakini safari hii ilikataa. Alikuwa anaogopa.

"Lipo kosa," alisema mwishowe. "Ni miaka minne sasa. Asubuhi ile anga lilikuwa zuri mno, nikawa natazama tu reli zinavyokwenda. Kengele ikalia. Nikafunga geti la kushoto. La kulia nikasahau. Nilipogeuka, mtu wa mkokoteni alikuwa katikati ya reli na kabichi zake."

"Ukafanyaje?"

"Nilikimbia kuelekea treni na bendera nyekundu. Ilikuwa ndiyo kwanza inaondoka stesheni, haijashika kasi. Dereva akaniona, akasimama. Hakuna aliyeumia. Lakini mpaka leo nikiona kabichi, mikono inakuwa baridi."

"Nani aliwaambia wakubwa?"

"Mimi mwenyewe. Niliandika kwenye daftari la kibanda, nikaenda kwa mkuu wa stesheni. Nikapewa barua ya onyo. Imo kwenye faili langu."

Mzee Breki alivua miwani. "Barua imo kwenye faili, na fomu inasema hujawahi kukosea. Wakiziweka mbili pamoja, watasemaje?"

"Kwamba mimi mwongo." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Lakini nikisema kweli, mzee, watanikataa. Na mwakani umri umepita."

"Wanaweza kukukataa," alisema Mzee Breki. "Sikudanganyi. Ila soma kipande cha pili cha swali."

"Ulichukua hatua gani?"

"Kila mtu hukosea. Wanataka kujua, ukikosea unaficha au unasema? Na baada ya kusema, unabadilika? Anayeficha kosa dogo kibandani ataficha breki mbovu njiani, nyuma yake kuna watu mia nne. Sasa niambie. Baada ya siku ile ulibadilisha nini?"

Kasuku aliinamisha kichwa. Ilikuwa aibu yake ya kila siku, na sasa alitakiwa kuisema.

"Nilianza kusema na mageti. Akili yangu inapenda kutembea, mzee. Nikinyoosha kidole na kutamka kwa mdomo, inarudi. Haiwezi kuwa kule mbali na kuwa hapa getini kwa wakati mmoja. Watu wananicheka. Ndiyo maana naitwa Kasuku."

Mzee Breki aliweka shati chini. Akainuka polepole, akanyoosha kidole kuelekea taa ya reli iliyoonekana juu ya mabati ya jirani.

"Taa ni ya kijani," alisema kwa sauti kubwa. "Breki zinashika. Njia ni wazi." Akageuka. "Miaka thelathini, mwanangu. Peke yangu ndani ya injini, nilitamka kila taa. Marehemu mke wangu alisema nilizitamka hata usingizini. Swali la tisa linauliza unafanyaje ili akili isipotee. Umekaa na jibu mdomoni miaka minne, halafu unalionea haya."

Kasuku alifurahi, na macho yalimjaa maji, akajifanya anakunja shati.

"Lakini mimi mtu wa ndoto," alisema baadaye.

"Dereva asiye na ndoto sijamwona. Ndoto iache ipande treni. Breki tu usiipe."

Nyumbani alifuta yote yaliyoandikwa kwa penseli. Seremala alitazama maneno yake yakigeuka vumbi, akapuliza vumbi hilo mwenyewe. "Kabati lilikuwa zuri," alisema, "ila halikuingia mlangoni."

Kasuku alijibu kwanza kwenye karatasi nyingine. Alisoma kila swali mara mbili. Alipiga mstari chini ya kile kilichoulizwa. Ndipo akachukua kalamu. Kwenye swali la nane aliandika hivi:

"Ndiyo. Nilisahau kufunga geti moja kwa sababu nilikuwa natazama mbali. Mtu alikuwa kwenye reli. Nilisimamisha treni kwa bendera nyekundu na hakuna aliyeumia. Niliandika kosa langu kwenye daftari siku hiyo hiyo na nikapewa barua ya onyo. Tangu siku hiyo nanyoosha kidole kwa kila geti na kutamka kwa sauti kwamba limefungwa. Sijasahau geti tena."

Mama mkwe alisoma, akarudisha fomu bila neno. Kwake hiyo ilikuwa sifa kubwa. Alhamisi asubuhi fomu ilifika ofisini.

Wiki zilizofuata zilikwenda kwa mwendo wa behewa lisilo na injini. Kasuku alifunga na kufungua. Wakati mwingine aliona mvuke wa chai ukipanda, akaona ndani yake daraja na mto. Wakati mwingine alihesabu mabehewa akasahau alianza na lipi. Kengele ilipolia tu, kidole kilinyooka.

Barua ikaja. Aliitwa kwenye mahojiano.

Mezani walikaa watu watatu. Aliyekuwa katikati alikuwa mama mwenye nywele za kijivu, mkufunzi wa madereva. Mbele yake kulikuwa na fomu. Pembeni ya fomu lilikuwapo faili la zamani, limefunguliwa kwenye barua ya onyo. Kasuku aliitambua mara moja. Mikono ikawa baridi.

"Tuliisoma hii barua kabla hatujakuita," alisema mkufunzi. "Tulitaka kuona kama na wewe umeitaja kwenye fomu. Tuonyeshe unavyofanya kwenye mageti."

"Hapa, mama?"

"Hapa hapa."

Kasuku alisimama. Alinyoosha kidole dirishani. "Geti la kushoto limefungwa." Akanyoosha upande wa pili, kwenye kabati la mafaili. "Geti la kulia limefungwa. Barabarani hakuna mtu." Hakuna aliyecheka. Mkufunzi aliandika kitu kifupi, akafunga faili.

Mwezi uliofuata Kasuku alianza mafunzo. Yalichukua mwaka mzima na zaidi. Alijifunza breki, taa, uzito wa mabehewa, na jinsi ya kusoma fomu nyingi kuliko ile ya kwanza. Jioni alizisoma na mumewe, wakazikata vipande. Seremala alikoma kuandika mchapakazi hodari.

Hatimaye ilifika asubuhi ya kupita mtaani kwao akiendesha mwenyewe treni ya mizigo, mkufunzi ameketi pembeni. Taa ilikuwa ya kijani, akaitamka. Reli mbili zilikwenda mbele yake, zikawa kama zinakutana kule mbali. Kwa mara ya kwanza yeye na akili yake walizifuata pamoja.

Geti likaonekana. Mlinzi mpya, dada mmoja ambaye Kasuku mwenyewe alimfundisha kazi, alikuwa amenyoosha kidole na midomo yake ilicheza. Nyuma ya geti walisimama seremala, mama mkwe, na Mzee Breki aliyetazama kushoto na kulia kabla ya kupunga mkono.

"Geti la kushoto limefungwa," alisema Kasuku ndani ya injini. "Geti la kulia limefungwa." Akapiga honi.

Kule nyumbani vikombe viligongana sana kabatini, na chai yote ikamwagika. Hakukuwa na mtu wa kushika sufuria.