Benchi Lisilo na Kampuni

Domitila alishuka kwenye basi la Maswa, mzigo wa vitambaa begani, akakuta watu wamelizunguka benchi la stendi ya Bariadi. Mwanaume mwenye fulana iliyojaa rangi alikuwa amepiga magoti, akiandika jina la kampuni ya simu kwenye egemeo bila rula wala penseli. Herufi zilitoka zimenyooka, kila moja ikiishia na kamkia kadogo. Domitila aliduwaa, akasahau jua na mzigo.

"Mwangaluka, mayu," mchoraji alimsalimu kwa Kisukuma bila kugeuka. "Unanizibia mwanga."

"Nakutazama tu. Huo mkono hautetemeki?"

Akageuka. Akaliona gauni la kitenge cha njano alilojishonea Domitila mwenyewe, likamkaa sawasawa. "Ulikuwa hautetemeki. Sasa sijui."

Mwaka huo, 2003, halmashauri ilikuwa imepitisha mambo mawili: mabenchi ya stendi yakodishwe kwa matangazo, na mji upimwe upya, biashara huku, makazi kule. Kazi ya mabenchi ilimwangukia Bundala, huyo mchoraji. Moyo wa Domitila nao ukamwangukia Bundala, na kila jioni simu zao zilichemka.

"Umekula, mpenzi?" Domitila angeuliza.

"Nimekula peke yangu. Ugali hauna ladha."

"Muongo wewe! Jana hapa uliramba mpaka sahani."

Kisha Domitila akaenda Sola kwenye msiba wa shangazi yake. Aliporudi baada ya wiki, kibanda chake cha kushonea, pale kando ya barabara kuu, kilikuwa na alama ya X nyekundu: kibomolewe, kipo ndani ya hifadhi ya barabara. Aliisogelea. Kila ncha ya ile X ilikuwa na kamkia.

Akapiga simu. "Bundala, ni wewe?"

"Ni mimi, mpenzi. Ngoja nikueleze..."

"Hata alama ya kunivunjia kibanda umeipamba!" Akakata, akaizima kabisa.

Alihamia soko jipya, nyuma kabisa, walikopangiwa mafundi nguo. Wateja hawakujua alikokwenda. Wiki tatu cherehani ikakaa kimya, naye akaanza kufikiria kurudi kwao Mwamapalala kulima pamba.

Asubuhi moja Apolonia, mteja wake wa zamani, akatokea na kitenge mkononi. "Nimekusoma stendi," alisema. Nyuma yake walikuja wengine wawili.

Domitila aliacha mkasi mezani, akaenda mbio. Kati ya benchi la sabuni na benchi la simu, kwenye egemeo la benchi jingine, kwa herufi kubwa za bluu, palikuwa pameandikwa: DOMITILA, FUNDI NGUO. YUPO SOKO JIPYA, KIBANDA CHA TISA. Jina lake alikuwa amezoea kuliona kwenye cheti cha ubatizo tu. Sasa abiria wa Mwanza walikuwa wakilisoma kwa sauti. Machozi yakamtoka mbele za watu.

Bundala alikuwa amesimama pembeni, kofia mkononi.

"Halmashauri walinipa namba za vibanda vya kuwekewa X, si majina," alisema. "Nilipofika kwako ndipo nikajua. Ningeweza kukataa. Niliogopa kunyang'anywa mabenchi."

"Ungeniambia."

"Ni kweli, ilinipasa kukuambia. Nilikosea, Domi."

"Na hili umelipataje?"

"Niliwaambia wasinilipe kazi yote niliyofanya, wanipe benchi moja kwa mwaka mzima. Madiwani walicheka mpaka mwenyekiti akagonga meza. Halafu wakapitisha."

Domitila alilitazama tena lile benchi, kisha mtu aliyefanya kazi yote ile bure kwa ajili yake. Hakuwahi kuona kitu kama hicho.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua. Lakini nataka kukuoa, na hasira zako."

Domitila akafuta macho kwa ncha ya kanga. "Basi Jumapili twende Mwamapalala. Baba yangu hajui kusoma, Bundala. Kwake itabidi useme kwa mdomo."