Jina Mahali pa Marehemu

Salvatory alirekodi treki tatu: ngoma, waitikiaji, na sauti ya manju Ndalahwa, kiongozi wa ngoma. Asubuhi moja, kanda zikiwa tayari sokoni, alipofungua kompyuta, kiooni zilikuwa nne.

"Nani kagusa mashine yangu?" alimfokea Mektilda, binamu yake, aliyekuwa akidurufu kanda chumba cha mbele.

"Niiguse nitafute nini, prodyuza?"

Neno prodyuza alilitema kama kokwa. Salvatory alikwenda Dar kozi fupi, akarudi Bariadi na bango kubwa na Kiingereza kinachochechemea. Enzi zilikuwa za soko huria: pamba ilinunuliwa na yeyote mwenye mizani, na nyimbo zilikatwakatwa na yeyote mwenye kompyuta.

Treki ya nne ilikuwa mstari mnyoofu, yaani kimya. Akaifuta. Alipoucheza wimbo, mstari ukarudi, na chumba kikaanza kunuka ngozi mbichi ya ng'ombe, ile wanayovikwa wakubwa wakizikwa.

Mlangoni baiskeli ikaegeshwa. Ndalahwa alitoka nayo Dutwa, vumbi hadi kwenye kope.

"Mwangaluka," Mektilda akamsalimu.

"Mwangaluka, mayu," akaitikia, akimwita mama. Salvatory hakusalimiwa. "Nimeusikia wimbo wangu kwenye basi. Luhaga yuko wapi?"

Kabla ya kuimba, manju humwita kwa jina marehemu aliyempa dawa ya ngoma. Aliyeitwa huja, hukaa, huulinda wimbo mpaka uishe. Siku ya kurekodi Ndalahwa alimwita Luhaga. Baadaye Salvatory akaukata mwito wote, na mahali pake akapesti sauti yake mwenyewe: *Salvatoryyy, mfalme wa studio!*

"Mzee, mwito ulikuwa mrefu mno. Redio haina muda wa kusubiri wafu."

"Pale si pa tangazo, kijana. Anayeitwa pale huja. Umejiita mwenyewe, kwenye kiti cha maiti."

"Na mwenye kiti je?"

"Amekosa pa kukaa. Yuko hapo, nyuma yako."

Salvatory alicheka, lakini kicheko kilitoka kidogo, kama kimepunguzwa na mtu mwingine. Akavaa spika za masikioni ili awaaibishe. Wimbo ukaanza, jina lake likapigwa kelele, na ule mstari mnyoofu wa treki ya nne ukatikisika, ukavimba kama koo linalomeza, na masikioni mwake, chini ya ngoma, chini ya waitikiaji, pakasikika pumzi nzito za mtu mzima aliyekasirika, pumzi zilizozidi kusogea hata akazihisi shingoni, zenye joto na harufu ya ngozi, na alipozivua zile spika akazibwaga mezani pumzi hazikukoma.

Akakimbilia kipanya. Akalikata jina lake, akaurudisha mwito wa Luhaga mahali pake, akasevu. Harufu ikapungua. Akageuka kwa ushindi.

"Mbona unachezesha midomo tu?" Mektilda akauliza. "Sema basi!"

Akasema. Akapiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikamsimama. Mektilda, akiwa na hofu sasa, akamsogezea maikrofoni na kubonyeza kitufe cha kurekodi, kana kwamba mashine ingesikia kilichomshinda binadamu. Kiooni, kwenye treki ile ile ya nne, sauti ya mfalme wa studio ililala mstari mnyoofu.

"Luhaga amekaa," Ndalahwa alinong'ona. "Lakini zile kanda?"

"Zimekwisha, baba," Mektilda akajibu kwa sauti ya chini. "Zimeondoka na mabasi. Maswa, Ipililo, mpaka Mwamanyili huko."

"Basi kijana huyu atakuwa akiitwa kila zinapochezwa."

Salvatory akamshika mzee mkono, macho yakiomba. Hapo ndipo basi lilipoingia stendi, kanda yake ikiunguruma juu ya honi na kelele za wapiga debe: *Salvatoryyy!*

Midomo ya Salvatory ilikuwa imefumbwa; wote wawili waliiona. Lakini kiooni, kwenye treki ya nne, wimbi likainuka, na kutoka kwenye spika, kama mtu anayejibu akiwa chini ya udongo, sauti yake ikaitika:

"Naam. Nakuja."