Mkono Umekataa

"Hii ni suti au ni paka? Niambie wewe, maana mimi najua nilishona suti!"

"Kaka, punguza sauti. Masikio yangu hayajaziba."

"Sipunguzi! Bwana harusi yuko njiani anakuja kuichukua. Ataingiaje ukumbini mgongo umeota manyoya?"

"Si ungefunga dirisha?"

"Nifunge dirisha nife kwa joto, ili wewe upeperushe manyoya yako kwa raha?"

Ghorofa ya pili ya jengo lile, kila chumba cha mbele ni kazi na cha nyuma ni makazi; ukipiga chafya kwa fundi simu, mpiga picha wa mwisho wa korido anakuombea afya. Kwa hiyo fundi suti mgeni alipotoka amening'iniza koti jeusi kama samaki aliyechacha, milango yote ilifunguka. Hakuna aliyekuja kuamua ugomvi. Walikuja kuusikia vizuri.

Na walikuwa wa kutazamwa. Mwanamume shati jeupe, kola imenyooshwa mpaka ingekata mkate, futi ya kupimia shingoni. Mwanamke gauni la manjano chini ya aproni, kilemba chekundu, na nyusi zimejaa vumbi la manyoya rangi ya asali. Korido nzima ilimwita Mama Dubu, ingawa hakuwa na mtoto. Alishona dubu wa kuchezea kwa moheri, kitambaa cha manyoya ya mbuzi, laini, kinachong'aa, na kinachohama chumba hadi chumba bila kulipa kodi.

Mama Dubu alilowesha kiganja, akapitisha juu ya koti mara moja, kutoka begani kwenda chini. Manyoya yakajikunja, yakatoka kama utambi.

"Ulikuwa unayasugua kwenda juu," alisema. "Ndiyo maana yaling'ang'ania. Kitambaa chochote chenye manyoya, kwanza kiulize kinataka kulala upande gani."

"Na wewe, fundi," mpiga picha akadakia, "unataka kulala upande gani?"

Korido ikaangua kicheko. Fundi Suti alitaka kukasirika, akashindwa. Alibaki anakitazama kile kiganja.

Jioni ile alipeleka soda ya kuomba radhi. Kesho yake akapeleka sindano, ati amezidishiwa. Baadaye akaacha kutafuta sababu. Walitenganishwa na ukuta wa mbao nyembamba, lakini walipigiana simu.

"Unafanya nini, laazizi?"

"Nashona. Nakusikia hata bila simu."

"Najua. Ila simu naiweka sikioni. Ukuta nitauweka wapi?"

"Mwongo mkubwa wewe."

"Mwongo wako."

Shangazi yake Mama Dubu, aliyekaa naye chumba cha nyuma, aligonga sufuria kwa mwiko. "Mnaopendana, punguzeni! Sisi wengine tulishamaliza zamu yetu!"

Mama Dubu alimfundisha kazi yake kidogo kidogo. Kwanza papasa kitambaa ujue manyoya yanalala wapi, kisha chora mshale mgongoni mwake, upande usio na manyoya. Kata kwa ncha ya mkasi, mgongo tu, manyoya usiyaguse. Mkono wa kulia na wa kushoto itazamane, la sivyo utapata dubu mwenye mikono miwili ya upande mmoja. Tumboni manyoya yashuke. Puani yaondoke kwenda mashavuni, yasiielekee pua, asije akakaa kama mtu aliyebanwa na chafya.

Fundi Suti aliitikia kwa kichwa, lakini akili yake ilikuwa mbele zaidi. "Tubomoe ukuta huu, moyo wangu. Tuoane, tuwe na duka moja kubwa."

"Na bango litaandikwa nini?"

"Si jina langu? Linajulikana mjini kote."

Mama Dubu alicheka, lakini tangu siku ile hakutulia. Alibandika chai akaisahau. Alifungua dirisha, akalifunga, akalifungua. Kumpenda alimpenda, hilo hakulikana. Hofu yake ilikuwa siku ukuta utakapoanguka: je, atabaki na kazi yake, au atageuka mke wa fundi suti anayechezea midoli kwenye kona?

Ndipo daktari wa meno alipoagiza dubu mkubwa, wa kukumbatiwa na watoto wanaosubiri zamu kwa woga. Kilibaki kipande kimoja tu cha moheri, na kingine hakikujulikana kitafika lini. Mama Dubu alikipapasa, akachora mishale, akapanga karatasi za kukatia juu yake. Kabla hajagusa mkasi, Shangazi akakumbusha miadi yake ya macho hospitalini, wapelekane.

"Niangalizie duka, mpenzi. Narudi sasa hivi."

Foleni ya macho ilikuwa ndefu. Fundi Suti alikaa, akasimama, akazunguka meza. Akazitazama karatasi. Mishale yote ya mwili ilitazama chini, naye akasikitika. Masikini, hajui! Yeye amekata mahameli miaka nenda rudi, na mahameli hukatwa manyoya yakitazama juu, rangi ndipo inakolea. Akazigeuza karatasi zote juu chini, akakata. Akakata vizuri mno, kwa ncha ya mkasi, hata unyoya mmoja haukudhurika.

Mama Dubu aliporudi alikuta vipande vimepangwa kama sahani za wageni, na mwanamume ametabasamu mpaka magego.

"Nimekurekebishia, kipenzi."

Alikipapasa kipande cha tumbo. Akapapasa cha mgongo. Akaketi.

"Hukuona mishale?"

"Niliiona. Ilikuwa kinyume."

"Kinyume? Kazi yangu, kitambaa changu, mishale yangu, wewe unaniambia kinyume?"

"Nilitaka kukusaidia..."

"Ungeniuliza! Simu unayo. Kila siku unanipigia kuniuliza nimekula nini, leo ukashindwa kuniuliza hili moja? Kwako huu ni mdoli tu."

"Na wewe kwako mbuzi wako ni bora kuliko mimi!"

"Mbuzi angalau amenyolewa bila kunifundisha kazi! Toka."

Alitoka. Kuanzia hapo simu ililia upande mmoja wa ukuta, na upande wa pili mpigaji akaisikia ikilia. Haikupokelewa. Korido ilinuna kwa niaba yao; hata mpiga picha alikosa utani. Usiku mwanamke alisikia cherehani ya jirani ikienda, ikikwama, ikitukanwa, ikienda tena. Asubuhi alijikuta amefagia sakafu iliyokwisha kufagiwa.

Mchana Fundi Suti alisimama mlangoni. Kola imelala, macho mekundu. Mkononi alishika dubu wa mahameli meusi, kichwa upande, sikio moja limemshinda.

"Huyo ni nani?" Mama Dubu aliuliza bila kutaka.

"Nimemshona kwa njia yangu. Manyoya juu. Rangi imekolea kweli, usinitanie." Alimpapasa yule dubu kutoka kichwani kwenda chini, manyoya yakasimama kama ya paka aliyeona mbwa. "Lakini mkono umekataa. Suti hutazamwa, Mama Dubu. Dubu hupapaswa. Mtoto akimpapasa hivi, atadhani anachukiwa. Wewe ulilijua hilo, na mimi sikuuliza."

Akamshusha yule dubu, akasema polepole, "Nauliza sasa. Nianzie wapi?"

Mwanamke alivuta vipande vya moheri, akavigeuza, akaweka juu yake karatasi za dubu mdogo zaidi, mishale ikifuata manyoya. Zilitosha. Mkono wa kushoto tu ndio ulihitaji kiraka, kwapani pasipoonekana.

Fundi Suti alikuwa tayari ameshatoa simu. "Nimpigie daktari nimweleze kosa ni..." Akajikatiza. Akairudisha mfukoni.

Mama Dubu alipiga mwenyewe. "Daktari, dubu wako atakuwa mdogo kuliko tulivyosema. Ndiyo... Hapana, kosa la karakana." Akasikiliza, akacheka. "Anasema wagonjwa wake wana mikono mifupi, haidhuru."

Walishona hadi jua likapoa. Yeye akiunga, mwanamume akichomoa kwa sindano kila unyoya uliobanwa kwenye mshono, bila kuchoka, suruali nyeusi imegeuka rangi ya asali.

"Na lile la kuoana?" aliuliza bila kuinua uso. "Nauliza tu."

"Ukuta haubomolewi."

Sindano ilisimama.

"Tutatoboa mlango. Upande wako bango lako, upande wangu bango langu. Na kabla ya kuingia unabisha hodi."

"Hata tukiwa mume na mke?"

"Hasa tukiwa mume na mke."

Fundi Suti aliinuka, akatoka nje kabisa, akaurudisha mlango nyuma yake. Korido ilitega masikio. Akabisha.

"Hodi!"

Chumba cha nyuma mfuniko ulifunuliwa, harufu ya kitunguu ikaja mpaka mbele. "Nani huyo?" Shangazi alipaza sauti. "Kama ni mteja, tumefunga!"

"Si mteja, Shangazi," Mama Dubu alisema, akipangusa manyoya usoni. "Ongeza sahani moja." Kisha akafungua mlango. "Karibu, mume wangu. Nawa mikono, ingia tule."